Sungura Aliyekataa Beseni

Krismasi ile tulikwenda kula Mugumu kwa mwanangu wa kwanza, na mimi nikafanya kosa ambalo wanawake wa umri wangu hulifanya wakishashiba: nilianza kutoa mafunzo. Mjukuu wangu, aliyekuwa ameshajua kuongea maneno mengi, alipita mbele yetu nepi imelegea inaning'inia karibu na magoti. Nikamtazama mama yake, nikacheka kidogo, nikasema kwa sauti iliyowafikia hata majirani waliokuwa wamekaa nje:

"Wangu wote waliacha nepi kabla hawajaota meno."

Hata leo nikiiandika sentensi hiyo naona aibu. Mtoto asiye na meno hata kukaa mwenyewe anayumba. Lakini nilikuwa nimekula pilau, nilikuwa na hadhira, na nilisema.

Mkwe wangu ni binti wa Ringwani, amelelewa na watu wanaolima na kuheshimu wakubwa. Alijibu, "Asante mama, nitajitahidi," akambeba mtoto, akaingia naye ndani. Mume wangu alinitazama juu ya kikombe chake cha chai. Sikumjali. Mimi ni fundi cherehani. Hapa Turwa wanawake wenye watoto wadogo hupita kibarazani kwangu kupima sare na magauni, na kwa miaka mingi wameondoka na nguo zao pamoja na ushauri ambao hawakuuomba.

Sungura aliingia nyumbani kwetu masika yaliyofuata, ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa matundu. Mwanangu alikuwa anatoka Mugumu kwenda Sirari kuchukua mzigo wa duka lake la simu. Alishuka kwetu njiani, akaliweka boksi miguuni pangu, karibu na cherehani.

"Mjukuu wako kakuletea zawadi," alisema. "Kwa jirani yetu wamezaliwa wengi. Kachagua mwenyewe, kasema huyu ni wa Bibi."

Nilifungua nikakuta kitu cha kijivu kinachoweza kuenea kwenye bakuli la mboga, masikio makubwa kuliko mwili ulivyohitaji, pua inacheza bila kupumzika. Alinitazama kwa jicho moja, la pembeni, kama mteja asiyeridhika na mshono. Nikampenda papo hapo.

Mume wangu alirudi kutoka shamba na jembe begani. Ni mtu wa maneno machache. Aliinama juu ya boksi, akamshika sungura mgongoni kwa vidole viwili kama anayepima unga.

"Akinenepa atatutosha wawili," alisema.

"Huyu haliwi. Huyu ni wa mjukuu."

"Basi nimjengee banda nje."

Hapo ndipo nilipojiingiza mwenyewe. Nje kwetu kuna paka wa mtaani wanaotembea juu ya ukuta kana kwamba wamelipia kodi, na nguchiro hutokea kwenye mahindi ya jirani kuja kuchukua vifaranga. Mvua nayo ilikuwa hainyamazi. Nikasema atakaa sebuleni. Mume wangu akatazama sakafu. Tailizi zile zilikuwa mpya, tulizisubiri muda mrefu, na yeye ndiye aliyekuwa akivua viatu mlangoni hata akiwa na haraka.

"Atakojoa kila mahali," alisema.

"Atafundishwa. Nimelea watoto wanne."

Akaenda kunawa.

Kwenye simu yangu nilikuwa nimewahi kuona video ya mama mmoja wa Kizungu na sungura wake. Sungura anatembea, anafika kwenye boksi, anaingia, anakaa kwa adabu, anatoka, na yule mama anampa kipande cha karoti. Maneno sikuyaelewa, lakini picha niliielewa, au nilidhani nimeielewa. Ilionekana kazi ya asubuhi moja. Nikachukua beseni dogo la kijani ambalo nilikuwa nalowekea vitambaa, nikaenda kwa fundi seremala kuomba maranda ya kutandika.

Seremala wetu ni mzee wa Kiislamu ambaye asili yake ni Tanga, na Kiswahili chake hunifanya nione changu kimevaa viatu vya shambani. Nilimwamkia shikamoo, nikaomba maranda.

"Marahaba, mama. Maranda ya nini? Umeanza kufuga vifaranga?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini nilijiona nikimweleza mzee mwenye heshima zake kwamba natafuta choo cha sungura, ulimi ukateleza.

"Ndiyo, vifaranga."

Alifurahi. Mkewe naye alikuwa anataka kuanza. Akaniuliza wa kienyeji au wa kisasa, nimewapa dawa gani, nawawekea taa au jiko la mkaa. Nilijibu yote. Nilipoondoka na mfuko wa maranda nilikuwa mfugaji mwenye uzoefu mkubwa.

Beseni nililiweka kwenye kona ya korido karibu na mlango wa jikoni, mahali nilipoona panafaa choo: hapaonekani na wageni, na pana hewa. Nikamweka sungura ndani. Alinusa maranda. Akala kidogo. Akayachimba yakaruka sakafuni. Kisha akajikunja katikati ya beseni akalala, na nikamwita mume wangu aje aone.

"Analala," mume wangu alisema.

"Anazoea."

Alipoamka aliruka nje, akatembea taratibu mpaka sebuleni, akapita chini ya kochi kubwa, akatokea kwenye kona iliyo chini ya dirisha. Akainua mkia. Nilimwona usoni akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyefika kwake baada ya safari.

Nilifuta. Nikachukua zile punje nyeusi kwa kijiko kibovu, nikazipeleka kwenye beseni, maana niliona hata yule mama wa Kizungu akifanya hivyo, ili mnyama ajue harufu yake iko wapi. Sungura alinifuata, akatazama nilichokuwa nafanya, akarudi kwenye kona yake kuongeza zingine.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Nilikuwa nashona kwa mkono mmoja, mwingine uko tayari kumnyakua. Akisimama tu nikamnyakua, nikakimbia naye koridoni, nikamweka kwenye beseni, naye akakaa pale akinitazama mpaka nirudi kwenye cherehani. Nikigeuka, yuko chini ya dirisha. Niliifunga njia kwa kiti, akapita chini ya kiti. Niliweka ndoo, akaizunguka. Niliimwagia kona ile dawa ya kuoshea choo mpaka macho yetu sote yakatoka machozi, na yeye akapiga chafya, akakojoa kwenye kiatu cha mume wangu, ambacho, kama nilivyosema, huvuliwa mlangoni kwa heshima ya tailizi.

Nikarudi kwenye ujuzi wangu wa zamani. Sisi watoto wetu tunawakalisha juu ya miguu. Mama anakaa chini au kwenye kigoda, ananyoosha miguu, mtoto anakaa juu ya nyayo zake mbili, na mama anamwimbia "shiii, shiii" mpaka mambo yajitokeze. Sikuona kwa nini njia iliyofaa kwa binadamu isifae kwa sungura. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, beseni mbele yangu, nikamweka sungura juu ya nyayo, nikamshika kwapani taratibu, nikaanza.

"Shiii. Shiii. Mtoto mzuri. Shiii."

Niliifanya kazi hiyo kwa bidii kiasi kwamba sikusikia mlango. Mume wangu alikuwa amesimama, ameshika mkungu wa ndizi.

"Unamkalisha?" aliuliza.

"Nampima uzito," nilisema.

Alitingisha kichwa, akapita na ndizi zake. Jioni hiyo nilimsikia sebuleni akimwambia sungura kwa upole, "Mura, jitahidi. Huyu mama hashindwi." Mura kwetu ni kijana, mwanamume mwenzako. Walikuwa wameshaungana.

Kisha mkwe wangu akapiga simu. Mwanangu alikuwa anasafiri, naye aliomba aje akae nasi kidogo pamoja na mtoto. Nilifurahi kweli. Tukaulizana habari za huku na huko, mvua, mahindi, barabara, halafu akauliza:

"Na sungura, mama? Mtoto anamtaja kila siku. Mmemjengea banda?"

"Yuko ndani," nilisema. "Ameshajua choo chake."



"Kweli, mama? Haraka hivyo?"

"Ni malezi tu."

Nilipokata simu, mume wangu alikuwa amefunika uso kwa kofia yake. Mabega yanatikisika.

Walifika mchana, matope mpaka kwenye magoti, maana gari lilikwama njiani wakashuka kusukuma. Nilikuwa nimepiga deki, nimefungua madirisha, nimemfungia sungura chumbani kwetu. Nimevaa gauni langu la bluu nyepesi, lile la kanisani, ili nionekane mwenye nyumba iliyotulia. Nilimkumbatia mkwe wangu, nikampokea mzigo, nikamnyanyua mjukuu. Na nilipomnyanyua, mkono wangu ulimpapasa nyuma kutafuta ile nepi, ili nianze kuhuzunika kwa heshima.

Hapakuwa na nepi. Palikuwa na kaptula, kavu.

"Bibi," alisema, "nataka kukojoa."

Mama yake akauliza choo kiko wapi siku hizi, kama tulikuwa tumekihamisha, akampeleka, wakarudi. Hakunitazama hata kwa jicho la ushindi. Afadhali angenitazama.

Mjukuu alitaka sungura wake. Nikasema amelala. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba, akaufungua, na sungura akatoka mbio kama mtu aliyekuwa anasubiri basi. Alizunguka sebule, akapita katikati ya miguu ya babu, akaruka juu ya kochi kubwa mahali ambapo mkwe wangu alikuwa karibu kukaa, akatulia kidogo, akaruka chini. Kwenye kitambaa cheupe cha kochi, nilichokifuma mwenyewe, pakabaki duara la maji linalopanuka.

Hakuna aliyeliona isipokuwa mimi. Mkwe wangu alikuwa anainama kumvua mtoto viatu. Nilikuwa na muda wa kufikiria jambo moja tu, nikalifanya: nilikaa juu yake.

Mkojo wa sungura una joto mwanzoni. Baadaye hauna.

"Karibu mwanangu, kaa pale, kile kiti kingine ni kizuri zaidi," nilisema.

Alikaa. Tukaanza mazungumzo. Kwa kawaida mgeni akifika kwangu, kabla sijakumbuka jina lake nimeshaweka maji jikoni. Siku hiyo nilikaa kama mwenyekiti wa kikao. Chai haikuja. Mume wangu alinitazama, akatazama mlango wa jikoni, akanitazama tena. Mkwe wangu, kwa adabu zake, akainuka mwenyewe.

"Mama umechoka. Acha nikachemshe chai."

"Ndiyo, mgongo," nilisema.

Alichemsha chai, akaleta, akaniwekea kikombe mkononi. Nilikunywa nikiwa nimenyooka. Harufu ilikuwa inaanza kupanda, ile harufu kali ya banda, nami nikawa nanusa hewa na kulaumu mbuzi wa jirani. Nilikuwa nimeamua kukaa pale mpaka wote walale, ikibidi mpaka mtoto aanze shule.

Ndipo hodi ikapigwa. Alikuwa mzee seremala, kofia yake nyeupe kichwani, na gunia la maranda begani. Alikuwa amenikumbuka. Alisema kwa mvua hizi vifaranga hufa upesi kwa unyevu, akaona aniletee mengi mara moja, na kama hainisumbui angependa awaone, ili akamsimulie mkewe.

Kwetu huwezi kumpokea mzee umekalia kochi. Mume wangu alikuwa ameshasimama. Mkwe wangu alikuwa ameshapiga goti kidogo kuamkia. Nilihangaika nafsini mwangu kwa muda usiofaa, kisha nikainuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ma..."

Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu.

"Bibi kakojoa!"

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa huruma, kama mtu aliyeyapitia. Alizunguka akaja mbele yangu, akanishika kidole.

"Bibi, uwe unasema," aliniambia. "Twende."

Na mimi, mwenye watoto wanne na wajukuu, mshonaji wa sare za nusu ya Turwa, nilimfuata. Sikuwa na pengine pa kwenda. Alinipeleka mpaka chooni, akanifungulia mlango, akabaki nje amesimama.

"Umemaliza?" aliuliza baada ya kidogo.

"Bado."

"Usiogope."

Mkwe wangu alikuja na khanga, akanipitishia mlangoni bila kuchungulia. Niliifunga kiunoni, nikatoka. Midomo yake ilikuwa imebanwa kwa nguvu zote alizojaliwa, na macho yamejaa maji. Nilimtazama, akanitazama, na yule binti wa Ringwani akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikajaribu kukasirika, ikaanza kunitoka na mimi. Tulicheka pale koridoni, tumeshikana mikono, huku beseni langu la kijani liko miguuni petu, safi, halijawahi kutumiwa kwa kazi yake hata mara moja.

Tuliporudi sebuleni, mzee seremala alikuwa ameketi, amelitua gunia, na sungura amekaa juu ya gunia akila uzi wake.

"Mama," alisema taratibu, "mbona vifaranga wako wana masikio?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza mpaka habari ya kumkalisha juu ya nyayo, kwa sababu niliona nimeshafika chini, hakuna pa kuanguka zaidi. Mzee alisikiliza kwa makini bila kucheka, na hilo lilikuwa gumu kuvumilia kuliko kicheko. Akasema tu kwamba sungura naye ni kiumbe, na maranda ni maranda. Akanywa chai, akaaga.

Mkwe wangu aliinama akachungulia nyuma ya kochi kubwa, chini ya dirisha. Zile punje zilikuwa pale, nyingi, zimepangwa vizuri.

"Mama, kumbe ana mahali pake. Kwa nini beseni lisikae hapa?"

"Hapo ni sebuleni. Choo hakiwezi kukaa sebuleni."

"Lakini tayari kiko hapa."

Mume wangu aliinuka bila kuombwa, akalisogeza kochi katikati ya chumba, akalileta beseni, akalisukuma kwa mguu mpaka kwenye kona. Mkwe wangu akaweka maranda mapya, na pembeni akaweka nyasi kavu, akisema sungura wa jirani yao Mugumu hupenda kula hukohuko chooni. Sungura akaja. Akaingia. Akavuta nyasi, akatafuna, na huku anatafuna, akafanya yote niliyokuwa nimemwimbia wiki nzima.

Tulisimama tunamtazama, watu wazima watatu na mtoto, kama tuko kwenye harusi.

"Ungemwachia mwenyewe," mume wangu alisema.

"Wanangu sikuwaachia wenyewe," nilisema, nikijaribu kuokoa kitu kidogo, "na walijua mapema."

Hapo mume wangu alifanya jambo ambalo halifanyi. Aliongea. Alivuta kiti, akamgeukia mkwe wake.

"Huyu mume wako," alisema, "alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Godoro lake lilikuwa linaanikwa uani kila asubuhi. Watu wakawa wanapita kuuliza bei, wakidhani tunauza magodoro."

"Si kweli!" nilisema.

"Na mdogo wake alikuwa anajificha nyuma ya ghala. Mama yako huyu alikuwa anamkimbiza na fimbo ya mtama, analia yeye kuliko mtoto. Aliniambia hazai tena."

Nilifungua mdomo. Na kadiri nilivyotafuta la kubisha, ndivyo nilivyoliona lile godoro: la mistari ya bluu, limekatika kona moja, juu ya miti ya ua, na mimi naligeuza kabla ya mvua. Lilikuwepo kweli. Sijui nililihifadhi wapi miaka yote hiyo. Nilikuwa mama kijana, mwenye usingizi kila saa, na sikujua lolote.

"Mimi nilidhani ni mimi tu," mkwe wangu alisema polepole. "Mama, baada ya Krismasi nililia. Nilikuwa namgombeza mtoto, na yeye anajificha. Mwishowe nikachoka, nikaacha. Siku moja akaja mwenyewe akasema."

Niliinamisha kichwa. Nikamwambia anisamehe, na kwamba siku ile ya pilau nilikuwa nasema tu. Alisema yameisha. Halafu akacheka tena, maana mjukuu alikuwa amelileta lile gauni la bluu ananiuliza tulianike wapi.

Siwezi kudai kwamba sungura amekuwa kama yule wa kwenye video. Amekua, na alipokua alianza kuacha alama zake hapa na pale, mpaka mtaalamu wa mifugo akaniambia ni ujana, utapungua. Umepungua kidogo. Kochi kubwa bado liko katikati ya chumba, na mgeni akiingia lazima alizunguke. Wakiniuliza kwa nini, naonyesha kona.

Mkwe wangu alipaswa kukaa wiki moja. Mvua ikaharibu barabara ya Mugumu, akakaa zaidi, na barabara ilipotengemaa hakuna aliyeitaja. Asubuhi nilikuwa nashona, yeye akichambua majani ya viazi, na vikonyo anamrushia sungura. Mchana tulipika pamoja. Siku za mwanzo alikuwa anasubiri nionje kwanza. Baadaye akawa anaonja yeye, ananiangalia, anasema, "Mama, chumvi imezidi," na mimi naongeza maji.